Kipimo Kinachodharau Panya Wangu

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Vipimo,

YAH: KIPIMO CHENU KUNIVUNJIA HESHIMA

Natumaini hujambo. Mimi sijambo kwa mwili tu. Roho mmeiharibu ninyi.

Mimi ni mkuu wa maabara na nimetengeneza dawa ya ini. Tuliwalisha panya wote sumu ya kuumiza ini, kisha nusu wakapewa dawa yangu, nusu maji matupu. Ini likiumia, kimeng'enya chake humwagika kwenye damu, na kipimo chenu kinapaswa kukionyesha kwa rangi ya manjano. Jumatatu baraza la chuo linaamua kama maabara yangu iendelee au igeuzwe stoo ya viti vibovu. Nilichohitaji ni manjano tu, tena kwa wale wa maji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maelekezo yenu hayana adabu. Osha sahani yenye vishimo vya kutilia damu, igongegonge juu ya karatasi, osha tena, usiguse chini ya vishimo! Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Hata mke wangu haniamrishi hivyo jikoni. Nilitii, lakini nilinuna.

2. Mna upendeleo wa wazi. Vile vishimo vya kulinganishia, vyenye kimeng'enya mlichokileta wenyewe, vilikolea manjano hadi raha. Vya panya wangu, wa dawa na wa maji, vyote vikapauka sawasawa. Yaani cha kwenu king'ae, cha wenzenu mkibanie?

3. Nilirudia kazi yote nikidhani kimejirekebisha. Kikasema yale yale, bila haya. Ukaidi wa namna hii nimeuona kwa shemeji yangu peke yake, na yeye angalau hauzwi kwenye boksi.

4. Panya wa maji wamekula sumu, hawakutibiwa, halafu kipimo kinadai ni wazima! Kipimo kisichomjua mgonjwa kina kazi gani? Bora mngetuwekea kioo, tungejitazama tukachana nywele.

Kwa hiyo nataka mniombe radhi kwa maandishi kabla ya Jumatatu, mkiri kwamba kipimo ni kibovu. Siku zijazo tengenezeni kinachouliza kwanza utafiti ni wa nani, ndipo kitoe jibu.

Wasalimie wote kiwandani, isipokuwa aliyeandika maelekezo.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Mkuu wa Maabara

N.B.: Nikiwa natafuta bahasha, ameingia mama mdogo wangu, niliyempa kazi ya kulisha panya. Nimemsomea barua hii, akacheka, kisha akaniambia: "Mwanangu, wale wa maji walikuwa wananitazama. Nikaona ni uchoyo kuwanyima. Nikawa nawapa dawa na wao."

Ndugu Meneja, kipimo chenu ni cha kweli, dawa yangu inaponya, na sina panya hata mmoja mgonjwa wa kuthibitisha. Nitumieni kipimo kingine kama hicho hicho, haraka. Ila ile barua ya kukiri ubovu, tafadhali iandikeni vilevile, muielekeze kwa baraza. Siwezi kumtaja mama mdogo mbele yao, ndiye aliyenilea.