Kilometa Themanini Mpaka kwa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kikao cha familia ya mke wangu. Mama mkwe, Mama Domitille wa Kamanyola, anatimiza miaka sabini. Misa ya shukrani ni Jumapili, tarehe 16. Shemeji yangu Gaspard akasimama kabla ya wakubwa, ndiyo kawaida yake, akatangaza kwamba wanaume wa familia watatoka Uvira kwa baiskeli. Kilometa themanini! Halafu akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa kuua, kama mimi Hyacinthe nitafutiwe nafasi kwenye gari pamoja na wamama na masufuria.

Nilisema nitapanda baiskeli. Nilisema pia nitafika wa kwanza. Sijui nani alinituma kusema hilo la pili.

Lakini hapa niseme ukweli. Miaka kumi na moja nimemwoa Apolline, na mama yake hajaniita mkwe wangu hata mara moja. Ananiita "ule wa Apolline", kana kwamba mimi ni mwavuli. Inaniuma. Nikifika kwake kwa nguvu za miguu yangu mwenyewe, ataniitaje? Tutaona!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Ugunduzi mkubwa. Nimesoma kwenye simu, ofisini (mimi ni katibu wa shule, sina wanafunzi wa kunisumbua). Misuli haikui wakati wa mazoezi. Inakua wakati wa kupumzika! Wameandika wataalamu. Basi Gaspard, anayekwenda Sange na kurudi kila Jumamosi, anajichosha bure.

Nimepumzika tangu saa nane mchana.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya tatu ya kupumzika. Nasikia nguvu nyingi. Wataalamu wanasema pia mwendesha baiskeli ale wanga kwa wingi. Jana bugali mara tatu, leo mara tatu na nusu. Apolline akauliza mazoezi yenyewe yanaanza lini. Nilimweleza sayansi. Akaniangalia kama anavyoangalia samaki wa ndagala wa juzi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mazoezi! Kutoka nyumbani mpaka daraja la Mulongwe na kurudi. Gaspard ana baiskeli ya mashindano, nyepesi, ya kutoka Bujumbura. Yangu ni chuma tupu, ilizaliwa kabla yangu. Magoti yanalia. Matako siyasikii tena. Mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani alinipita, naye alikuwa anatembea. Nadhani alikuwa na haraka.

Baada ya kazi ngumu, misuli ipewe baridi. Hivyo wanasema. Barafu nimeipata kwa wauza samaki, nimekaa ndani ya karai dakika ishirini. Maumivu yalikwisha, au labda ni miguu iliyokwisha. Tangu hapo paka wanne wamelala mlangoni kwangu na hawataki kuondoka.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Waendeshaji wakubwa wa Ulaya hunyoa miguu. Nimenyoa yangu kwa wembe wa Apolline, kutoka kifundo mpaka pajani. Upepo upite bila kizuizi! Apolline aliniuliza, taratibu sana, huyo mwanamke ni nani. Nilieleza saa nzima. Mwishowe alicheka mpaka akakaa chini. Afadhali angeendelea kukasirika.

Suruali fupi ya kubana, niliyoishonea sifongo mwenyewe, imekataliwa. Apolline anasema mkwe mwanaume haonyeshi paja mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hamgusi mkwe wake. Najua. Heshima ni heshima. Inasikitisha tu, kwa sababu Mama Domitille ndiye anayekanda misuli ya wachezaji mpira wote wa Kamanyola. Nitavaa suruali ndefu. Kwenye kiti cha baiskeli nimefunga mto wa sofa.

Jumamosi, tarehe 15 Juni. Kamanyola

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Nyota njema huonekana asubuhi: niliongoza mpaka mwisho wa mtaa wetu. Halafu Gaspard na binamu zake wawili wakanipita wakiimba. Sange nilifika peke yangu, roho mkononi. Kilometa zaidi ya thelathini! Mimi! Nilikaa nyuma ya magunia ya mchele sokoni na kulia kidogo, nusu kwa furaha.

Ndipo akili ikafanya kazi. Taxi-bus ilikuwa inapakia watu wa Kamanyola. Baiskeli juu, kati ya magunia. Mimi ndani, nimekalia mto wangu. Si udanganyifu. Nilikuwa napumzika, na tumeshaona kwamba kupumzika ndiko kunakojenga misuli. Dereva alipouliza nashukia wapi, nilimwambia karibu na kwa Mama Domitille, kila mtu anapajua. Baada ya Luvungi tuliwapita akina Gaspard. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nafasi yangu ilikuwa juu ya gurudumu, magoti yamegusa kidevu, na sikujinyoosha hata mara moja.

Nilishuka kilometa moja kabla ya nyumba, nikapanda baiskeli. Apolline na wamama, waliofika tangu jana, walipiga vigelegele. Mama Domitille mwenyewe alitoka mlangoni. Wa kwanza! Niliinua mkono kumsalimia, na mapaja yote mawili yakakaza kama mbao. Nilianguka na baiskeli mbele ya miguu yake.

Mikono bora ya kukanda katika Kamanyola nzima ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na haikuruhusiwa kunigusa! Nilibebwa ndani nikipiga kelele. Mama akaketi nyuma ya pazia, akasema aletewe mwanaume yeyote mwenye vidole. Karibu nusu saa baadaye akapatikana. Gaspard, vumbi mpaka kwenye meno.

Mama aliamuru kutoka nyuma ya pazia: mawese ya moto, kidole gumba chini ya paja, polepole, sasa nguvu. Gaspard alipenda sana ile ya nguvu. Kisha akapandisha suruali yangu ili mafuta yafike kwenye ngozi, akapaza sauti.

"Mama! Maguu yake haiko na nywele hata moja!"

Nyumba nzima ilicheka. Apolline kuliko wote.

"Na vumbi je?" Gaspard akaendelea. "Minye niko udongo mutupu. Weye ulipita njia gani?"

Hapo dereva wa taxi-bus akabisha hodi. Mkononi ana mto wa sofa. Alikuwa anamtafuta muzee aliyepandia Sange.

Apolline alisema tu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilitamani ardhi inimeze. Nyuma ya pazia Mama alisogeza kiti chake. Halafu:

"Mukwe wangu, baiskeli, wacha. Siku ingine ingia mu gari na bibi yako Apolline, ufike muzima."

Mukwe wangu! Miaka kumi na moja! Machozi yalinitoka, wala si kwa sababu ya mawese. Yale mengine aliyosema sikuyashika vizuri.

Jumatano, tarehe 19 Juni. Uvira

Natembea tena, kwa kushika ukuta. Nimechunguza safari yote na kosa ni moja tu: nafasi ndani ya gari. Ningekaa mbele, pembeni ya dereva, ningenyoosha miguu.

Jioni Gaspard ameleta chupa ya mafuta ya kukandia kutoka kwa mama. Kwa maelezo yake, mama anasema niiweke, maana mtu kama mimi hasikii. Apolline anaona hilo ni onyo. Mimi naona ni baraka. Nani anampa mafuta mtu asiye na safari?

Nimemwambia Gaspard mwezi ujao tutoke Kamanyola, tupande mpaka Bukavu. Aliniuliza kama ule mlima naujua. Nilimjibu kwamba mlima ni barabara kama barabara nyingine, imesimama tu. Amekubali haraka sana, na amenishika mkono kwa mikono yote miwili. Nadhani anaogopa.