Kenchi za Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Machi 2025

Dada yangu Sally, pokea salamu nyingi kutoka Kitale. U mzima? Goti limepoa? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mimi. Sikupigii simu kwa sababu kwa simu utanikatiza. Nitaandika katika daftari hili siku kwa siku, kisha nilitume kwako Bungoma mjini ulisome ukiwa umekaa.

Shida ni paa. Upepo wa juma lililopita uling'oa mabati na mbao zote za nyumba ya mama mkwe wangu pale Matulo. Mama analala jikoni na kuku. Mvua iko karibu. Sellah amefunga nguo zake ameenda kukaa na mamake. Mlangoni akageuka akaniambia, "Baba Nekesa, nitarudi siku mama atalala chini ya paa. Si siku moja kabla." Akaenda! Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijawahi kuona kitanda kipana namna hii.

Wakwe tuko wawili: mimi, na Kimeli aliyemwoa Nelima, mdogo wa Sellah. Kimeli ana kibanda cha kuchomelea vyuma hapa Kitale. Ati tuweke kenchi za chuma, yale mapembetatu ya kubeba mabati. Mimi nataka za mbao. Nina miti yangu ya saiprasi, nimeipasua juzi tu, mbao ziko tayari. Kimeli amekuja akazigusa, akacheka. Ati bado zina maji, nizianike miezi. Miezi! Mama anyeshewe miezi? Akasema mbele ya watu, "Mzee wa kanisa, hizi kamua upate juisi."

Nimeomba Mungu anipe upole. Katikati ya maombi nikajikuta naomba chuma chake kishike kutu. Nimetubu.

Jumatano, 12 Machi

Kimeli amempigia Sellah, amemtisha na mchwa. Ati mbao zangu zitaliwa kabla ya Krismasi. Sellah ameanza kuegemea chuma.

Basi nimepata akili. Nimepaka kipande cha mbao oili chafu ya gari, nikakilaza juu ya kichuguu nyuma ya kanisa. Kando yake nikaweka kipande cha chuma nilichotoa kwa Kimeli bila kumsumbua. Yeye alikuwa ameinama anachomelea. Nitakirudisha. Ijumaa nitapiga picha Sellah aone mwenyewe. Ushahidi!

Ijumaa, 14 Machi

Bwana asifiwe! Mchwa hawakugusa mbao hata kidogo. Na chuma hakipo! Watu wa vyuma chakavu wamepita nacho. Nimefurahi kuliko inavyompasa mzee wa kanisa. Nimemwandikia Sellah: mbao siku mbili, haijaguswa, chuma siku mbili, kimeliwa chote.

Amejibu maneno matatu. "Chuma cha nani?"

Nasikia Kimeli anakitafuta.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada tumefanya kikao kwa simu. Mama amechoka kungoja. Mwenyewe haongei na mimi moja kwa moja, unajua heshima ya ukwe, amesema kupitia Sellah. Nyumba ina vyumba viwili, kila mkwe aezeke kimoja, na leo ndiyo mwisho wa maneno.

Kimeli akachukua sebule. Mimi nikapigania chumba cha kulala. Nimepigania, Dada, sauti ikanikauka! Maana sebuleni watu huangalia chai. Lakini mama kila asubuhi akifungua macho, kitu cha kwanza kuona ni mbao za Wanyonyi. Sellah ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimesema nina hakika mbele za Mungu.

Jumatano, 19 Machi

Matulo.

Wewe unajua mwanamume hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe wake. Hata mkono hatupeani. Akipita huku mimi napita kule. Kimeli hiyo haimsumbui, hana haja ya kupanda. Kenchi zake zimekuja zimeshaungwa, mafundi wake wanakaza bolti tu, yeye amekunja miguu anakunywa chai. Mimi nimejificha nyuma ya migomba, hatua thelathini, namwelekeza fundi wangu Muchiri kwa simu.

Saa nne Muchiri akaniambia, "Mzee, hii mbao jana ilikuwa imenyooka. Leo inaangalia Webuye." Nikamwambia aongeze misumari. Akasema ameongeza hadi mbao inalia. Saa nane jua likawaka zaidi, mbao zikajipinda, bati moja likainuka kama kifuniko cha chungu. Ufa mkubwa! Muchiri akashuka. Ati ana kazi nyingine Kimilili, tutaongea.

Sellah akatoka nje. Akaangalia paa. Akaangalia migomba, akaniona. Akarudi jikoni akafunga mlango. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Machi

Ee Mungu, nifiche!

Saa tisa mchana wingu likatoka upande wa mlima, jeusi kama sufuria. Mvua ikashuka. Maji yakaingia kwenye ule ufa moja kwa moja hadi kitanda cha mama. Muchiri hayuko. Mafundi wa Kimeli wamesharudi Kitale. Kimeli naye ni mkwe, hapandi. Mama yuko jikoni, hawezi kuniona. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, Dada. Nikanyakua turubai, nikapanda.

Bati lilikuwa na utelezi. Mguu wa kulia ukatumbukia kwenye ufa hadi pajani. Na mama alikuwa ametoka jikoni kuokoa godoro lake! Akaingia chumbani, akainua macho. Akaona mguu wa mkwe wake unaning'inia juu ya kitanda chake, kiatu kimechomoka, soksi ina tundu.

Akajifunika leso uso mzima, akatoka mbio mvuani akipiga mayowe. Majirani wakajaa, wakidhani kuna msiba. Walinikuta bado juu, maana mguu ulikataa kutoka. Kimeli akasimama chini na mwavuli. "Mzee wa kanisa, shuka polepole. Mbao ziko na maji."

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisani. Mara ya kwanza tangu nipewe uzee wa kanisa. Nilikaa kitandani nikasoma Zaburi, lakini kila mstari naona soksi.

Mjomba wa Sellah amekaa na wazee. Wameamua nitoe kondoo na blanketi jipya kufuta aibu, nisikanyage boma lile hadi mama apokee. Kimeli ameng'oa kenchi zangu, ameweka za chuma kwa siku moja. Siku moja! Sellah hashiki simu. Nimempigia mara tisa. Kama mama atakataa blanketi, je? Kama Sellah ataona huko ni kuzuri?

Alhamisi, 27 Machi

Dada, amepokea! Kondoo na blanketi, vyote. Juzi mvua ilinyesha usiku kucha na mama hakupata hata tone. Na leo asubuhi Sellah amepiga simu mwenyewe. Anarudi Jumamosi mchana. Amesema, "Baba Nekesa, nikukute nyumbani." Nilipiga magoti hapo hapo karibu na jiko. Nimelia, sitakuficha.

Sasa sikia. Nimewaza sana, nimeona kosa halikuwa la mbao. Lilikuwa la jua. Mbao zangu ziko kule kwa mama, zimelala juani tangu zing'olewe, maji yameisha, na zote zimepinda upande mmoja. Upande mmoja! Mbao za namna hiyo zinafaa paa la duara. Na jiko la mama lina paa la nyasi lililochoka, la duara. Kimeli hajui kupinda chuma namna hiyo. Mama akipikia chini ya kazi yangu, ile habari ya mguu itasahaulika.

Muchiri amekubali, ila ana nafasi Jumamosi tu. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri naenda Matulo. Tutapishana na Sellah njiani, lakini akifika atakuta barua mezani, ataelewa.

Usimwambie Sellah chochote. Daftari hili nalituma leo na gari la Bungoma. Wewe unajua mila kuliko mimi: jiko nalo ni nyumba ya mama mkwe, au linahesabiwa kando? Maana huenda nikahitajika juu kidogo. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi.

Ndugu yako, Wanyonyi