Nati ya Saa ya Chama

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetukanwa! Si kwa maneno. Kwa ajenda. Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi Saa amepita kwenye meza yangu asubuhi, kanisalimia vizuri, kaulizia hali ya magoti yangu, kisha kasema Jumamosi kwenye mkutano mkuu atasoma maendeleo ya mwaka huu na mipango ya mwaka ujao. Mpango wa kwanza: kuhama. Tuache chumba chetu cha ghorofani, juu ya duka la viatu, twende chumba cha chini jirani na mafundi simu. Eti kina vigae. Eti kina feni.

Feni! Kwa watu wanaoshika springi nyepesi kuliko unyoya!

Mwenyekiti ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu mdogo. Tulijifunza kazi pamoja katika chumba hichohicho, benchi moja, chini ya Marehemu Fundi Mkuu. Mimi upande wa dirisha, yeye upande wa giza. Nadhani hajanisamehe mpaka leo.

Nimemweleza mke wangu. Amesema zile ngazi zitaua mtu. Nikamwambia kuna mambo makubwa kuliko magoti. Amesema sawa, basi nisimwombe tena anichue.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepanda chumbani kuwaza. Nimepumzika njiani, ila hilo si la kuandikwa.

Harufu ya petroli ya kusafishia bado imo kwenye mbao. Zamani, ikifika saa sita mchana, saa zote za wateja ziligonga karibu pamoja, na Fundi Mkuu alifumba macho akanyoosha kidole: yule pale ni mwongo. Hakukosea hata siku moja. Sisi wanagenzi tulicheka mpaka vibano vikatudondoka. Sijawahi kupata furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu. (Mke wangu asisome hapa.)

Saa yake kubwa bado iko ukutani, juu ya kiti cha Mwenyekiti. Nilipoitazama, akili ikanijia! Fundi Mkuu alichukia hotuba ndefu, akaweka kanuni: saa ya ukutani ikigonga kumi na moja jioni, mkutano umefungwa, na lisilopigiwa kura lingoje mwaka mwingine. Saa ya ukutani. Kanuni haisemi lolote kuhusu saa za mikononi. Na Shemeji husoma polepole, tena hunywa maji katikati. Saa ikikimbia kidogo tu, kura haitafika.

Kusogeza mishale ni wizi. Kupandisha nati ya pendulamu, ile fimbo inayobembea, ili saa ikimbie yenyewe, huo ni ufundi.

Jumatano, 5 Novemba

Kazi imefanyika. Karibu isifanyike.

Nimefungua kisanduku cha saa, nikakuta vumbi. Vumbi! Kwenye saa ya Fundi Mkuu! Nikasahau kilichonileta. Nikapiga brashi, nikafuta, nikatia mafuta kila tundu. Nikaongeza kidogo. Nimefika katikati ya ngazi ndipo nikaikumbuka nati. Ikabidi nipande tena. Magoti yananiambia niliyoyafanya.

Fundi Mkuu alisema natia mafuta kama mtu anayekaanga. Akanibatiza jina, Mafuta. Siku hizi hakuna anayeniita hivyo. Waliokuwa wakiniita wamekufa, au wamekuwa waheshimiwa wajumbe.

Ijumaa, 7 Novemba

Dada amepiga simu kulalamika. Mumewe anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo mpaka chakula kinapoa. Anarudia neno "maendeleo" kwa sauti tatu tofauti. Habari njema kabisa! Nimemwambia dada amtie moyo.

Nimechungulia saa. Inakimbia vizuri. Usiku huu nalala kama mfalme.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu. Furaha. Sijui nianzie wapi.

Mkutano ulianza vizuri. Shemeji akasoma maendeleo: chama kimepata bango jipya, wanachama wawili wamestaafu, mmoja wao amerudi kwa sababu nyumbani wajukuu wana kelele. Kila alipokunywa maji nilimpongeza moyoni. Nikauliza swali kuhusu bango. Nikauliza tena kuhusu rangi ya bango. Mshale ukawa unaikaribia kumi na moja.

Ila nilisahau kitu kimoja. Chumba kilikuwa kimejaa mafundi saa.

Mhazini, mama ambaye hasikii jina lake mpaka umguse bega, ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Akasema saa ile inatembea kama imeiba. Kila mtu akatega sikio. Nikakohoa kwa nguvu ili niifunike. Wapi! Hapo hapo tone la mafuta likachungulia chini ya kisanduku, likaning'inia, likadondoka katikati ya kipara cha Shemeji.

Akajipangusa. Akanusa kidole. Saa hakuitazama kabisa. Alinitazama mimi, akasema: Mafuta.

Chumba kizima kikaitikia Mafuta! Wakacheka mpaka Mhazini akatoa machozi. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nimeitika. Sikuwa nimelisikia jina lile tangu siku tuliyotoka makaburini kumzika Fundi Mkuu.

Wakaishusha saa. Hakuna aliyeomba ruhusa. Lenzi zikatoka mifukoni, kumbe kila mmoja alikuja na yake. Karatasi safi haikuwepo, magurudumu yakapangwa juu ya mipango ya mwaka ujao, na ukurasa wa feni ukalowa wote. Nilisimama bega kwa bega na Shemeji. Safari hii yeye upande wa dirisha. Sikulalamika. Aliikuta nati imepanda hadi juu. Akaitazama, akanitazama, akairudisha chini taratibu kabla wengine hawajaiona. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani kupotelea chini ya benchi.

Baadaye akasema jambo, sikulisikia, nilikuwa nimeshikilia gurudumu kwa kibano. Nikainua mkono kuomba bisibisi ndogo.

Wakapiga makofi. Azimio la kuhama limepita kwa kauli moja.

Nikapinga, nikadai saa ilikwisha! Wakanionyesha saa. Matumbo yake yalikuwa mezani. Isingegonga chochote.

Mpango wa pili ameubuni Shemeji palepale: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tukutane huko chini kuizunguka saa hii, na lenzi zetu, kama zamani. Nimeteuliwa mtunza saa. Niitie ufunguo. Mafuta nisiguse.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepanda kukiaga chumba. Ukutani pamebaki alama nyeupe ya saa. Nimelia kidogo. Shemeji naye alikuwa amepanda, macho mekundu, akasingizia vumbi. Tukakaa benchini. Kisha tukashuka ngazi tumeshikana mikono, kwa ajili ya magoti.

Mke wangu anauliza kama nimejifunza kitu. Nimemjibu ndiyo, mengi sana.

Nimeisoma upya kanuni. Inahusu pia vikao vya Jumamosi: saa ikigonga kumi na moja, kila mtu nyumbani kwake. Saa ya ukutani. Na mtunza saa ni nani? Nikiteremsha nati, kidogo tu, saa itachelewa, na Jumamosi zetu zitarefuka. Nani atasikia?

Nimeshanunua mafuta. Chupa kubwa.