Siku Bahari Haikufika Kazini

Kwa niaba ya Kamati Maalumu ya Kupanga kwa Ubora Fukwe na Mabwawa ya Kuogelea ya jiji hili, nina heshima na taadhima kuutangazia umma kwamba kazi imekamilika. Kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayeumiza kichwa akijiuliza akaogelee wapi. Tumemfikiria, tumemwamulia, na tumempigia mhuri.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Tulikuwa sita pamoja na Mkurugenzi wa Jiji, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Tulichaguliwa hivyo makusudi. Mtu anayejua kuogelea huyapenda maji, na anayeyapenda maji hawezi kuyatolea maamuzi ya haki.

Ukaguzi ulianza Jumatatu, tukiwa na viatu na soksi kwa mujibu wa taratibu. Ufukwe wa kwanza tuliupa alama za wastani: unyevunyevu ulizidi. Wa pili ulikuwa na mawimbi yaliyomkatiza Mkurugenzi maneno mara mbili, tukaukata alama kwa utovu wa nidhamu.

Jumanne saa tatu na nusu asubuhi tulifika ufukwe wa tatu. Mchanga ulikuwepo, mwingi, safi kabisa. Bahari haikuwepo. Tuliiona kwa mbali sana, kama mstari tu. Mkurugenzi aliniuliza kama imeomba ruhusa. Nilipekua jalada, sikuona barua yoyote. Nikaandika: haikuhudhuria.

Dereva wetu, mtu asiye na cheo lakini mwenye mdomo, alisema maji yamekupwa tu na yatajaa mchana. Mkurugenzi alimjibu kwamba saa za kazi zinajulikana, na kwamba yeye amekuja kukagua kilichopo, siyo kilichoahidi kuja.

Pembeni mwa ufukwe huo kuna bwawa lililojengewa ukuta wa mawe na saruji. Maji yakijaa huingia humo, yakikupwa hubaki. Tulikuta vikongwe wanane wakirusha miguu, wakiongozwa na mwalimu wao, mwanamke mkavu anayeitwa Kocha. Hospitali ndiyo iliyowatuma kwake kwa ajili ya magoti. Nchi kavu walitembelea mikongojo, lakini humo majini walikuwa wakichekana kama wasichana. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wa Mkurugenzi.

“Shikamoo mama,” Mkurugenzi alisema, akiangalia mawingu.

“Marahaba baba. Ingia basi, maji matamu haya.”

Alibaki akiangalia mawingu hadi mwisho wa ukaguzi. Kisha akatoa uamuzi: bahari haipo, na haya ni maji ya bahari, kwa hiyo bwawa linashikilia mali ya mtu asiyekuwepo. Lifungwe mpaka mwenye maji apatikane.

Kocha hakupandisha sauti. “Bwana Mkurugenzi, mama mkwe wako juzi kapanda ngazi za kwake bila kushikwa mkono. Ukifunga hapa, anarudi kitandani. Unalijua hilo?”

Mkurugenzi aliagiza niandike kwamba Kamati imeguswa. Kisha akasaini amri ya kufunga. Nakiri kwamba usiku huo usingizi ulinipaa, ingawa muhtasari ulikuwa mzuri sana.

Nafasi ya kwanza, bila kupingwa, ilikwenda kwa ufukwe wa tatu. Kati ya sehemu zote tulizokagua, ndio pekee ambako haiwezekani mtu kuzama.

Sherehe ya kuukabidhi cheti ilipangwa Jumanne, wiki mbili baadaye. Saa tatu tulisimika turubai na meza kuu mbali kabisa mchangani, pale ambapo kwa kawaida ingekuwa bahari. Dereva alipendekeza tusogee nyuma kidogo. Tulimkumbusha kwamba ripoti imekwishapitishwa.

Hotuba ilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Ukurasa wa nne, maji yalifika kwenye viatu. Itifaki hairuhusu mtu kuinuka Mkurugenzi akiwa anazungumza, tukatulia. Ukurasa wa tisa yalifika magotini, na mjumbe mmoja akaondoka na kiti chake, siyo kwa hiari. Ukurasa wa kumi na mbili Mkurugenzi aligeuka nyuma, akaona kati yetu na nchi kavu pana mkondo wenye kina. Hapo hotuba ikaahirishwa.

Kitu cha karibu kilikuwa ukuta wa bwawa, tukauendea. Juu yake walisimama Kocha na wale vikongwe, waliokuja kulalamika. Mama mkwe sasa alikuwa na mikongojo miwili badala ya mmoja, na nilipomwona nilitamani kuificha kalamu yangu. Kwenye ngazi za kuupandia palikuwa na mnyororo, na tangazo lenye saini ya Mkurugenzi.

“Pamefungwa,” Kocha alisema. “Mpaka mwenye maji apatikane.”

“Amepatikana,” alisema Mkurugenzi, maji yakiwa yamemfika kifuani. “Yupo. Nakuhakikishia yupo.”

“Basi andika.”

Aliandika nyuma ya ukurasa wa kumi na tatu, mgongo wangu ukiwa meza: bwawa lifunguliwe leo hii, na lisifungwe tena kwa ajili ya kamati yoyote. Kocha aliisoma amri yote, taratibu, mpaka nukta ya mwisho. Ndipo mama mkwe aliponyoosha mkongojo mmoja, mkwewe akaung'ang'ania, akavutwa juu akiwa na soksi moja.

Siku hizi kila Alhamisi Kamati nzima iko bwawani, darasa la wanaoanza, kwa amri ya mama mkwe ambayo haikuhitaji mhuri. Mwisho wa mwezi Kocha hubandika ukutani orodha ya wanafunzi kwa ubora. Wa kwanza ni mama mkwe, anayekuja na mkongojo mmoja na kuusahau akiondoka. Mkurugenzi ameshika mkia. Amekata rufaa, na Kocha amemjibu kwamba rufaa husikilizwa upande wa pili wa bwawa, kwenye kina, kwa atakayefika mwenyewe.