Rangi za Kuku na Cheo Changu

Jumatatu, 4 Machi
Cheo cha mkuu wa takwimu kiko wazi. Mkurugenzi wa kampuni yetu ya kuku atampa mmoja kati yangu na Miwani, binti aliyeajiriwa juzi tu. Mtihani: mchoro wa nukta. Kila nukta kuku mmoja, umri wake na uzito wake. Ionekane nani alilishwa soya, nani mtama, nani pumba. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba cheo nimepata. Kwa hiyo lazima nikipate.

Jumanne, 5 Machi
Nukta zote zimetoka nyeusi. Mke wangu kachungulia, akauliza kama kompyuta imeingia sisimizi. Miwani akanishauri eti niiambie programu ichukue rangi kwenye safu ya chakula, amri ya mstari mmoja tu. Nikamjibu asante mwanangu, mimi siyo mtu wa njia za mkato. Nimeorodhesha rangi mwenyewe, kuku kwa kuku, kwa kufuata mistari ya jedwali: soya juu kijani, mtama katikati bluu, pumba chini njano. Mgongo hoi. Roho kwatu.

Jumatano, 6 Machi
Jedwali lilikuwa halina mvuto. Nimelipanga upya: kuku wepesi juu, wazito chini. Linapendeza kweli. Orodha ya rangi sikuigusa, ilikuwa safi tayari.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mbele ya wakubwa wote, kuku wa pumba ndio walioonekana wanene. Mkurugenzi akafurahi, pumba ni bei poa. Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Kisha akataka aletewe kuku wawili wa pumba awaone. Wakaletwa. Mifupa mitupu, mmoja kachoka hata kulia. Miwani akafungua programu yangu, akaeleza kwa upole kwamba kuku walihama mistari, rangi zikabaki palepale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani kapewa cheo. Jioni mama mkwe kaja kunipongeza, kaja na mashangazi. Nikawaambia nimemwachia binti mmoja kwa muda, apate uzoefu. Mke wangu akanikata jicho.

Jumamosi, 9 Machi
Bosi Miwani kanipa mchoro wa bata, akanisihi rangi zitoke kwenye safu. Rangi sizitaki tena, zimenidhalilisha. Natumia maumbo: duara, mraba, pembetatu. Nimeyaorodhesha mwenyewe, bata kwa bata. Kisha jedwali nikalipanga upya kwa umri. Kulipanga kwa uzito ndiko kulikoniponza.