Niliombea Mvua Huku Zabibu Zangu Zimeiva

Leo nimeumbuka kanisani, ndugu zangu. Mbele ya mwinjilisti, mbele ya kwaya nzima, na mbele ya mke wangu, ambaye hasahau kitu. Naandika nikiwa bado na suti iliyolowa, maana nikisubiri ikauke nitaona haya na hamtasikia habari hii kwangu. Mtaisikia kwake.

Wengi wenu mnajua nina shamba la zabibu huku Hombolo. (Mnalijua kwa sababu kila mwaka mnaahidi kuja kulitembelea.) Safari hii zimebeba vizuri sana. Mvua ilikatika ghafla katikati ya msimu, limebaki jua tupu, na jua hilo ndilo linaloipa zabibu utamu. Mnunuzi alikuja wiki iliyopita, akaonja moja, akafumba macho, akanipa bei ambayo sijawahi kupewa tangu nianze kulima. Atazichukua Jumanne. "Ila zikinyeshewa, mzee, tusilaumiane," akasema. Zabibu iliyoiva ikipata mvua inakunywa maji, inapasuka, na nzi wanakuwa wa kwanza kuja kununua. Mwaka jana zangu ziliishia kuuzwa kwa ndoo kando ya barabara, kwa bei ya huruma.

Sasa ng'ambo ya uzio wangu kuna mahindi ya Mama Neema, mjane, mwenye watoto wanaosoma. Jua ni lile lile. Mahindi yake yamejisokota majani, na yasipopata maji wiki hii hatavuna hata la kuchoma. Kijiji karibu chote kiko hivyo, na sokoni debe la mahindi limeshaanza kupanda bei. Ndiyo maana mwinjilisti akatangaza kwamba ibada ya leo ni ya kuombea mvua.

Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba kichwa kinaniuma, huenda nisiende kanisani.

"Kichwa au zabibu?" akauliza.

Nikavaa suti.

Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa, nikajikunyata. Haikusaidia. Mimi ni mzee wa kanisa, na ninajulikana kwa sala ndefu. (Kuna watu huleta mito midogo ya kupigia magoti wakisikia zamu ni yangu.) Mwinjilisti akanyoosha shingo, akaniona, akasema, "Sala ya mvua atatuongoza Baba Joeli."

Nikaenda mbele nikiwa na mpango. Nitaomba mvua kwa ujumla, siku atapanga Mungu mwenyewe, na moyoni nitamkumbusha taratibu kwamba Jumatano inafaa. Nilijiona nina akili nyingi.

Kabla sijafungua kinywa, Mama Neema akasimama. Akaja hadi mbele, akalaza mche mmoja wa mahindi chini ya madhabahu, aliong'oa shambani kwake asubuhi ile. Ulikuwa umekauka kuanzia chini, mizizi ina vumbi. Akapiga magoti pale pale.

Jamani, mpango wote ukanitoka. Nikaomba kweli. Nikataja watoto, nikataja mifugo, nikataja kila bonde ninalolifahamu. Watu wakaanza kulia. Na kwa kuwa sijui kunyamaza mapema, nikamalizia hivi: "Usikawie, Bwana. Hata leo. Hata sasa hivi." Kanisa zima likasema amina, na yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nikarudi benchini nikijifuta machozi. Tukafika kwenye matangazo. Katibu alikuwa anasoma habari za harambee ya choo, ndipo tone la kwanza likapiga bati. Halafu la pili. Halafu bati lote likaanza kunguruma, akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikasimama bila kuambiwa.

Na mimi nikasimama. Juu ya benchi. Nikanyoosha mkono kuelekea dari nikapaza sauti: "Hapana! Si leo!"

Vigelegele vikakatika. Kwaya ikanyamaza. Ikabaki mvua peke yake.

"Unasemaje, mzee?" mwinjilisti akauliza kwa upole.

Mke wangu akanijibia bila hata kugeuka. "Anaongea na zabibu zake."

Nikatoka mbio. Sikuaga. Shamba halipo mbali na kanisa, lakini kwa viatu vya Jumapili ni mbali, na nilianguka mara mbili kwenye udongo ambao jana ulikuwa mgumu kama saruji. Nikashika mkasi, nikaanza kukata vichala, maji yananiingia machoni, na nilikuwa nalia, sitaficha. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Mara nikasikia mkasi mwingine. Nilipogeuka nikamwona Mama Neema, gauni lake la kanisani limemganda mwilini, ana beseni kichwani. Nyuma yake walikuja wengine, kwaya na majoho yao. Watu ambao muda mfupi uliopita niliwaambia waziwazi kwamba mvua yao siitaki.

"Mama Neema," nikasema, "kule ndani, mimi..."

"Umetuombea vizuri, Baba Joeli," akanikatiza. "Hizi tunaziweka wapi?"

Sikuwa na banda. Mwinjilisti akafungua kanisa. Hivi ninavyoandika, vichala vimetandazwa juu ya mabenchi yote, hata lile nililolipanda. Labda tumeokoa nusu. Zilizobaki shambani zimepasuka. Nimempigia mnunuzi, akaguna kwa muda mrefu, akasema atakuja kuziangalia kwanza, ile bei niisahau.

Jioni hii nimepita uzioni. Mahindi ya Mama Neema yamefungua majani. Nilisimama pale nikayatazama hadi mke wangu akaniita ndani, na nimeshukuru, ingawa ningependa kushukuru nikiwa mkavu.

Jumapili ijayo ni ibada ya shukrani kwa ajili ya mvua. Mwinjilisti ameshasema nani ataongoza sala.

Tafadhali, msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia aje Hombolo na ndoo yake: zabibu zipo, tamu sana, zimepasuka kidogo tu.