Biskuti Elfu Thelathini na Tundu la Ukuta

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema nipange mambo yangu. Hakusema nakufa, madaktari wa siku hizi wana adabu. Alitazama karatasi ya moyo, akatazama karatasi ya sukari, akavua miwani, akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia mapacha wa kike, wote wafamasia, wote wananigombeza. Akasema vizuri, mzee, basi panga mambo yako, na kuanzia leo sukari na wanga uvipe kisogo.

Nimerudi nyumbani nikakuta mambo yamekwisha kupangwa. Nyumba ina jina la mke wangu. Suti ya kuzikiwa ipo, inanipwaya. Limebaki jambo moja tu, nalo ndilo lililonifanya ninunue daftari hili. Nina miaka themanini na miwili. Nimefundisha kemia, nimekuwa mwalimu mkuu, nimewafukuza wanafunzi darasani kwa kosa la uongo. Na mimi mwenyewe ni mwongo.

Kosa ni hili. Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, siku ya Alhamisi, Mama Pacha (wakati huo hakuwa mama wa mtu yeyote) aliniokea biskuti za tangawizi. Nikauma moja. Sukari ilinipanda mpaka masikioni. Yeye amesimama mlangoni na aproni mpya, ananitazama. Nikasema sijapata kula kitu kitamu kama hiki.

Basi. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, miaka arobaini na tisa, biskuti kumi na mbili. Nimekula moja. Ile ya kwanza.

Zilizobaki zilipitia tundu la ukuta. Mwashi aliyejenga ukuta wetu aliacha nafasi ya tofali moja nyuma ya tangi la maji, na mimi nimekataa kuiziba kwa visingizio vya kila aina, kuanzia upepo hadi afya ya ukuta wenyewe. Upande wa pili anakaa Kipeuo. Alifundisha hesabu shuleni kwangu. Jina walimpa wanafunzi, likamganda. Kipeuo anapenda sukari kama nyuki. Alhamisi saa kumi jioni anapiga mluzi, napitisha kifurushi, narudi ndani na sahani tupu huku napangusa mdomo.

Sitaki kufa na jambo hili kifuani. Nitamwambia mke wangu. Wiki hii hii.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sijamwambia. Kumetokea jambo.

Mapacha wametuma boksi. Ndani mna unga wa lozi, unga wa nazi, kopo la unga mweupe unaotia utamu bila kuwa sukari, na maelekezo kurasa tatu yenye mistari chini ya maneno kana kwamba sisi ni wagonjwa wa akili. Mama Pacha ameyasoma kwa kuguna. Akasema mume wangu ananiacha, na mimi namuaga kwa biskuti za hospitali.

Amepima unga wa lozi, siagi, yai moja, tangawizi, kijiko cha kile cheupe. Maelekezo yanasema biskuti za lozi ukizigusa zikiwa moto zinabomoka, lazima zipoe kwenye trei. Tukakaa wazee wawili mbele ya trei kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

Nikauma moja kwa heshima.

Ilikuwa nzuri. Naandika polepole ili niamini. Utamu kidogo, umekaa nyuma bila kelele, tangawizi mbele, siagi katikati. Nikala ya pili. Nilipofika ya nne nikaona Mama Pacha ananitazama kwa huzuni. Akaniuliza najilazimisha?

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikashusha pumzi nikasema, tutafanyaje, si kama zile zako.

Uongo mpya! Wa kwanza haujazikwa.

Saa kumi Kipeuo akapiga mluzi. Akapiga mara tatu. Sikutoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na tisa biskuti zilikuwa zangu, na nilizila zote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda kumwagilia mche nyuma ya tangi nikakuta jicho ndani ya tundu. Kipeuo alikuwa amechuchumaa upande wake, na kwa magoti yake hiyo si kazi ndogo.

Alinisalimia vizuri, Mkuu, shikamoo kwa umri wako. Ananizidi mwezi mmoja. Kisha akaniuliza jana kulikuwa na msiba gani. Nikasema biskuti zimesimamishwa kwa amri ya daktari. Akasema pua yake haijastaafu, amenusa tangawizi na lozi tangu saa tisa.

Halafu akaleta hesabu. Kumi na mbili mara hamsini na mbili mara arobaini na tisa, toa moja uliyokula wewe: biskuti elfu thelathini, mia tano na sabini na tano. Zote amezila yeye, kwa niaba yangu. Leo ana kisukari mwaka wa nne. Nimemlisha mbaya maisha yake yote, sasa zimekuja nzuri, zisizo na sukari, halali kabisa kwa mgonjwa kama yeye, nami nazifungia mlango? Akasema kama Alhamisi ijayo hapati mgao, atapita mlango wa mbele na kuongea na shemeji.

Nikamwambia hathubutu. Akasema yeye hana la kupoteza, hata meno si yake.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepata mpango. Mama Pacha alikuwa na kikao cha akina mama mpaka saa saba. Nitamwokea Kipeuo biskuti zake mwenyewe, ashibe, anyamaze, na zile za Alhamisi zibaki zangu. Mtu aliyefundisha kemia hashindwi na biskuti.

Unga wa lozi sikuugusa, Mama Pacha anajua kimo chake kwenye kopo. Lakini wa nazi ulikuwa bado umefungwa. Nikafikiri unga ni unga. Nikapima gramu kwa gramu kama maelekezo yanavyosema kwa lozi.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unga wa nazi una kiu. Ulikunywa yai na siagi papo hapo, ukabaki mchanga mkavu. Nikaongeza yai. Ukalinywa. Mayai sita, kikombe cha maji, bado unanitazama tu. Nikaufinyanga kwa mikono miwili, nikakaa chini kupumzika maana moyo ulianza kurukaruka, nikausukuma tanurini kwa mguu.

Zilitoka rangi ya matofali. Uzito pia. Niliangusha moja, ikavunja kigae cha sakafu.

Nimezipitisha tunduni kumi na mbili. Kipeuo akashukuru sana, akasema alijua Mkuu ni mtu mwenye utu. Nikarudi jikoni kuficha maganda ya mayai na kigae. Nikayafunika kwa gazeti. Kazi safi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kipeuo amepita mlango wa mbele.

Alikuja saa nne asubuhi na leso mkononi, na ndani ya leso meno yake ya bandia, vipande viwili. Nilikuwa sebuleni, Mama Pacha yuko bafuni, Mungu ni mkubwa. Bila meno Kipeuo hatishi sana, lakini nilimwelewa: ameuma moja tu. Nyingine amezitumia kuzuia lango lisijifunge. Sasa anataka biskuti za kweli Alhamisi, sita za kwangu na sita za kwake, la sivyo atasema yote, hata akiyasema kwa fizi.

Nikamsukuma nje taratibu, kwa kuwa wote tunatembelea fimbo.

Nilipogeuka Mama Pacha alikuwa amesimama jikoni ameshika gazeti. Kigae kilichovunjika miguuni, maganda sita mezani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, Baba Pacha, ulikuwa unaoka?

Ningesema ukweli ningemaliza. Mdomo ukanitangulia. Nikasema nilikuwa natafuta ladha ya zile zake za zamani.

Mke wangu akakaa. Akafuta macho kwa kona ya gazeti. Akasema hakujua kama ningefikia hatua hiyo, mtu asiyeweza hata kubeba ndoo anasimama saa nzima mbele ya tanuri kwa hamu. Akasema daktari ana yake na yeye ana yake. Alhamisi ataoka zile zile, za sukari, kama siku zote. Nitazila mbele yake, taratibu, mpaka niridhike, nisije nikaondoka duniani na kiu.

Nikasema asante.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Jana nilijilaza nikasema sijisikii vizuri. Mama Pacha akasema ndiyo maana tusichelewe.

Leo nimebadili mbinu. Bila sukari hakuna biskuti za sukari. Wakati yupo uani nikachukua kopo la sukari, nikaimimina yote ndani ya buti langu la mvua, nikaliweka chini kabisa ya kabati la nguo, nyuma ya suti ya kuzikiwa. Nilirudi kitandani natweta, lakini nimeshinda.

Ushindi ulidumu saa mbili. Mama Pacha aliingia chumbani akitembea polepole, ameinama, anafuata kitu sakafuni. Walikuwa siafu? Hapana, sisimizi wa kawaida, wadogo, wamejipanga safu moja toka dirishani, chini ya kitanda changu, mpaka kabatini. Wengine walikuwa wakitoka na mzigo. Akafungua kabati. Akatoa buti. Akachungulia ndani, kisha akanitazama mimi.

Nikasema uzee.

Akafunga kabati. Alikwenda dukani kununua sukari nyingine.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Ameoka. Saa tisa na nusu sahani ilikuwa mbele yangu, biskuti kumi na mbili, zinametameta. Mama Pacha akavuta kiti akakaa ananitazama, mikono mapajani, na aproni. Si ile ya kwanza, lakini amesimamisha shingo vile vile.

Nikainua moja.  Nikawaza: nikiila, nitakufa nayo, na huo uongo ndio utakuwa kitu cha mwisho baina yetu. Nje Kipeuo akapiga mluzi. Bila meno ulitoka kama upepo kwenye ufa.

Nikairudisha sahanini. Nikasema Mama Pacha, sijawahi kuzipenda.

Nikamwambia yote. Ile ya kwanza, tundu, tangi, Kipeuo, hesabu, unga wa nazi, buti. Nikamwambia hizi za lozi ndizo biskuti za kwanza nilizozifurahia mkononi mwake, na niliogopa kusema kwa sababu ningelazimika kueleza hiyo miaka arobaini na tisa. Nikamwomba msamaha. 

Akafunika uso kwa aproni. Mabega yakawa yanatikisika. Nikajua nimemuua mimi kabla ya kufa mimi. Nikanyoosha mkono nimguse.

Alikuwa anacheka.

Alipopata pumzi akasema amejua tangu mwaka wa pili. Mwanamume anakula biskuti kumi na mbili kila wiki anabaki kama mwiko, na jirani ambaye hakupewa hata moja anaongezeka shingo. Yeye hakusoma kemia lakini ana macho. Kila Ijumaa ndiye aliyepangusa makombo tunduni, nisije nikavamiwa na panya nikagunduliwa. Dirisha la jikoni linatazama tangi. Kila Alhamisi alisimama pale kuniona ninavyonyata na kifurushi ndani ya koti, nageuka kulia, nageuka kushoto. Akasema hakuna mchezo wa redioni uliomfurahisha kama huo.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema alikuwa anasubiri nianze mimi. Kila mwaka aliongeza kijiko kimoja cha sukari ili nishindwe kuvumilia nizungumze. Alipofika kijiko cha kumi akaacha, unga ulikataa kushikana.

Nikasema alipaswa kukasirika. Akasema mtu akikudanganya kwa bidii namna hiyo, kila wiki, bila likizo, utamwitaje? Kisha akashika mkono wangu, akakaa nao. 

Halafu nikauliza swali ambalo heri ningeliacha. Kama alijua sipendi sukari, kwa nini alihuzunika juu ya zile za lozi? Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Na lile boksi hakuniagizia mimi. Aliwaomba mapacha mwezi uliopita, Kipeuo alipoanza kutembea na mfuko wa dawa, kwa sababu vile vijiko kumi vilikuwa vinamsumbua rohoni.

Kwa hiyo zilikuwa za Kipeuo. Tangu mwanzo. Na mimi nilizila zote.

Akaenda dirishani akamwita aingie mlangoni kama mtu. Akaja, akala za lozi, ambazo Mama Pacha alikuwa amemwokea kando, akizichovya kwenye chai. Alimega ya kwanza akaniambia kwa fizi, Mkuu, katika elfu thelathini hii ndiyo ya kwanza kunifikia kwa mlango.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimelala kama mtoto. Hakuna kitu kifuani isipokuwa moyo wenyewe. Daktari akitaka aje sasa.

Mama Pacha ameita fundi asubuhi, tundu limezibwa kwa tofali na saruji. Akasema hatulihitaji tena, nyumba hii sasa ni ya ukweli. Nikamuunga mkono. Nilitoa hata hotuba fupi.

Saa nne akaniletea bilauri. Kinywaji kipya cha moyo, mapacha wametuma maelekezo: majani ya mchicha, tango, ndimu, kitunguu saumu, bila chumvi, bila chochote. Kijani, kizito, kina mapovu. Nikapiga funda moja. Ulimi ulitaka kuondoka nyumbani.

Alikuwa amesimama mlangoni na aproni, ananitazama. Akaniuliza kikoje.

Nikasema sijapata kunywa kitu kitamu kama hiki.

Akatabasamu, akasema basi atakuwa ananitengenezea kila asubuhi. Akarudi jikoni.

Nimechukua fimbo, nimetembea na bilauri mpaka nyuma ya tangi. Saruji bado mbichi. Nimeijaribu kwa ncha ya fimbo.

Inaingia.